Fungu la Nyumba ya Chini

Mzee Sefania alifariki mwaka 1951, na waliomwona kwa macho yao wamekwisha karibu wote. Lakini pale Kwemkuyu, kitongoji kilichokaa ukingoni mwa mlima nje kidogo ya Lushoto, jina lake lilitajwa kila siku, kwa kuwa kila mtu wa pale alikuwa analima ardhi yake au analala juu yake.

Alizaliwa akaitwa Hamisi. Akiwa kijana alimwoa Mwanaisha, wakapata watoto. Baadaye akaenda Amani kufanya kazi kwenye vitalu vya miche, kwanza kwa Wajerumani, kisha kwa Waingereza, na huko akabatizwa, akawa Sefania. Kanisa lilimtaka awe na mke mmoja wa ndoa. Akamwacha Mwanaisha, akafunga ndoa na msichana aliyeitwa Yusta. Lakini aliporudi kwao na kununua lile bonde, nyumba ya kwanza aliyoijenga ilikuwa ya Mwanaisha. Ilikaa juu ya mfereji wa maji. Ya Yusta ilifuata, ikakaa chini ya mfereji. Watoto wa juu wakabaki Waislamu, wa chini wakawa Walutheri. Wazee walisema Sefania hakupata raha ya moyo maisha yake yote kwa ajili ya yule mwanamke aliyemwacha, na ndiyo maana alipoanza kuugua alikwenda bomani Lushoto, akamwomba karani amwandikie wosia kwa taipu.

Wosia wenyewe ulikuwa mfupi. Kila mtoto wa ukoo alipooa au kuolewa, wa juu kwa wa chini, ulitolewa ukasomwa mbele ya watu kabla ya chakula:

"Mimi Sefania, niliyekuwa Hamisi, nasema haya nikiwa na akili zangu. Nyumba zangu ni mbili na damu ni moja. Wa juu wakae juu, wa chini wakae chini, maji ni ya wote. Mwenye shida na aende nyumba ya pili, asaidiwe. Mtu wa nyumba moja akiuza ardhi kwa mgeni, fungu lake lote lirudi nyumba ya pili."

Aliyekuwa anautunza ni Salama, mjukuu mkubwa wa nyumba ya juu. Alikuwa amefiwa na mumewe kule Mombo, akarudi kwao, akawa analima mboga na kufuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Nyumba ya chini alikaa Heri, mjukuu mwenzake, na mkewe Paskalina, mtu wa Shume. Baba zao walikuwa ndugu wa baba mmoja, kwa hiyo Heri alimwita Salama dada, na kwa kuwa Salama alimzidi miaka miwili hakuna siku aliyokutana naye asimwamkie. Walikuwa wamechunga mbuzi pamoja, wameiba pamoja matunda ya mfyulisi wa mwalimu mkuu na kuchapwa pamoja. Sikukuu ya Idi, sinia la pilau lilishuka kutoka juu kwenda chini. Krismasi sinia lilipanda. Kuku wa Krismasi alichinjwa na mtu wa nyumba ya juu ili wote wale, na hilo hata halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Alasiri moja ya mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, Heri alipanda kwa Salama. Ilikuwa si kawaida yake kuja saa ile, kwa kuwa ndio wakati wake wa kumwagilia karoti. Salama alikuwa jikoni anachambua mnavu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ndani, baridi hiyo. Wifi yangu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Miguu yake tu."

"Bado inavimba?"

"Inavimba na kupungua."

Akamwekea chai. Heri akaishika bila kuinywa. Alizungumza habari za bei ya hoho, akazungumza habari za mbwa wa jirani aliyeua kuku. Mwisho akauliza, macho yake yakiwa kwenye moto:

"Dada, hivi yale maneno ya babu yanatuhusu mpaka lini?"

"Maneno gani?"

"Ya wosia. Ya kuuza na kutokuuza."

Salama akacheka. "Mpaka dunia iishe! Unataka kuuza nini wewe, hizo karoti?"

Heri naye akacheka kidogo. Akanywa chai yake yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa bado ya moto, akashukuru, akaondoka. Salama aliona mgongo wake ukishuka kati ya migomba, akafikiri kwamba Heri ameanza kuzeeka. Akarudi kwenye mnavu wake.

Haukupita muda mrefu. Siku moja Salama alikuwa ukingoni mwa bonde anakata majani ya ng'ombe, pale ambapo mtu akisimama anaiona tambarare ya Mazinde yote na mashamba ya mkonge yamejipanga mpaka mbali. Akakuta vijana wawili wamevuta kamba ya kupimia, na mmoja anachimbia jiwe la mpaka.

"Shikamoo mama," wakamwamkia.

"Marahaba. Mnapima nini hapa, wanangu?"

"Kiwanja cha bosi, mama. Anataka kujenga nyumba za wageni. Wazungu wanapenda sana kuangalia huko chini."

"Bosi gani? Nani amemuuzia?"

"Mzee Heri, yule wa nyumba ya chini. Wameshaandikiana."

Salama alisimama pale na mundu mkononi. Baadaye, alipokuja kujihoji, alijua kwamba siku ile kilichomuuma hakikuwa ardhi. Kile kipande hakikuwa hata na udongo mzuri, kilikuwa mawe na vichaka. Kilichomuuma ni kwamba amesikia kutoka kwa vijana wasiomjua, wenye kamba, jambo ambalo Heri alikuwa nalo moyoni siku aliyokaa jikoni kwake akazungumzia mbwa wa jirani. Aliona amefanywa mjinga.

Nyumba ya Heri ilikuwa karibu, angeweza kumwita akasikika. Hakumwita. Alibeba majani yake, akapanda mpaka kwake, akachukua simu akampigia mdogo wake Sharifu, aliyekuwa akifanya biashara ya mbao Tanga mjini.

Sharifu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwezekea Salama nyumba mabati mapya, ndiye aliyemnunulia yule ng'ombe. Lakini alikuwa mtu wa kufuata maneno jinsi yalivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Dada, wosia unasemaje?"

"Wewe unajua unavyosema."

"Basi. Si mimi niliyeuandika, wala si wewe. Itisha kikao cha ukoo, nakuja Jumamosi."

Kikao kilikaa uani kwa Salama, chini ya turubai, maana kulikuwa na manyunyu. Mwenyekiti wa ukoo alikuwa mzee Hashimu, ambaye wote walimwita baba mkubwa. Heri alikuja peke yake. Alikuwa amevaa koti lake la kwenda kanisani, na akamwamkia kila aliyemzidi umri, mmoja mmoja, akaketi kwenye benchi la mwisho.

Wosia ukasomwa. Mzee Hashimu aliusoma wote, kama unavyosomwa harusini, tangu jina la Sefania mpaka mwisho. Alipofika kwenye maneno ya mwenye shida, aliyasoma akapita. Hakuna aliyemsimamisha. Alipofika kwenye maneno ya kuuza, akayarudia.

"Heri mwanangu," akasema, "umeuza au hukuuza?"

"Niliuza, baba mkubwa."

"Kwa mgeni?"

"Kwa mgeni."

"Ulikuwa hujui maneno ya babu yako?"

"Nilikuwa nayajua."

Watu wakaguna. Salama hakuweza kujizuia. "Kwa nini lakini, Heri? Kwa nini uliuza?"

Heri akamtazama. Wale waliokaa karibu wanasema alifungua mdomo, na ungedhani sasa anasema. Kisha akateremsha macho kwenye mikono yake.

"Nilikuwa na haja," akasema.

"Haja gani?"

"Haja tu, dada."

Sharifu akasimama. Alisema kwamba hana ugomvi na kaka yake, na kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kumrudishia yule mnunuzi fedha zake zote ili ardhi ya babu isipotee. Lakini kama leo ukoo utafumba macho, kesho mwingine atauza, na keshokutwa mwingine, na watoto watakuja kukuta Kwemkuyu yote ni hoteli. Maneno yake yalikuwa mazuri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Hashimu akamuuliza Heri kama ana la kusema.

"Imeandikwa," Heri akasema. "Nitatoka. Naomba tu mniache nivune karoti."

Basi ikawa hivyo. Fungu lote la nyumba ya chini, siyo kile kipande cha mawe peke yake, bali nyumba, bustani, migomba na shamba la kahawa kuukuu, likarudi nyumba ya juu. Sharifu akaleta karatasi ili yeye afuatilie hati mjini, na Salama akatia sahihi, kwa sababu hakupenda mambo ya ofisi na kwa sababu alikuwa bado ana hasira.

Siku waliyohama, gari dogo la mizigo lilikuja asubuhi. Salama alikuwa mlangoni mwa jiko lake, na kutoka pale aliona vyote: kitanda, mapipa, kuku ndani ya tenga, picha ya harusi iliyofungwa kwa shuka. Aliona Paskalina akitolewa nyumbani akiwa ameshikwa na mumewe upande mmoja na binti yao upande wa pili. Binti yao aliitwa Yusta, jina la bibi wa baba yake, na alikuwa mwalimu Bungu. Paskalina alikuwa amejifunika kanga mbili na uso wake ulionekana mnene kuliko kawaida. Kabla hajaingizwa garini aligeuka akatazama juu, akainua mkono.

Salama hakuinua wake. Alifikiri, huyu naye alijua yote, akanyamaza. Alifikiri pia kwamba atakwenda Shume kuwaona, mambo yakipoa. Gari likaondoka.

Nyumba ya chini ilikaa imefungwa. Idi ilipofika, Salama alipika kama kawaida, akapakua sinia, ndipo akakumbuka hakuna wa kumpelekea. Akalirudisha jikoni. Wajukuu waliokuja sikukuu walikula, lakini yeye hakula.

Baada ya masika Sharifu alikuja na gari, na ndani yake alikuwa na mtu mwenye kofia pana. Salama aliwakaribisha chai. Mgeni alikuwa mchangamfu, akasifu maziwa, akasifu hewa. Walipotoka kwenda kutembea bondeni Salama akamuuliza mdogo wake:

"Yule nani?"

"Ndiye yule bwana. Yule aliyekuwa amenunua kwa Heri."

"Anataka nini tena? Si ulimrudishia fedha zake?"

"Nilimrudishia. Sasa anakodi. Bonde lote la chini, miaka thelathini na mitatu. Atajenga vibanda vya wageni, nyumba ya babu ataifanya mgahawa. Mapato tutagawana, dada, mimi na wewe. Hutabeba majani kichwani tena."

Salama akakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. "Sharifu. Tumemtoa Heri kwa kumuuzia mtu huyuhuyu."

"Heri aliuza. Mimi nakodisha."

"Kuna tofauti gani?"

"Lete wosia," Sharifu akasema, kwa upole kabisa, jinsi mtu anavyomweleza mama yake habari ya dawa. "Usome mwenyewe. Unionyeshe neno kukodisha liko wapi."

Hakuuleta. Alijua neno hilo halimo. Na alijua kwamba hawezi kumlaumu Sharifu kwa kuyashika maneno ya babu kama kisu, kwa sababu yeye ndiye aliyempigia simu.

Wiki hiyo hiyo alishuka sokoni Lushoto kununua mbegu. Kwenye kabichi kulikuwa na mwanamke wa Shume aliyekuwa akimfahamu, kwa kuwa aliwahi kuja Kwemkuyu harusini. Mwanamke akaacha kupanga kabichi zake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana na msiba, mama. Tulitegemea kukuona kule."

"Msiba gani?"

Yule mwanamke akamwangalia kama anayetafuta utani. "Wa Paskalina. Mke wa Heri. Tumemzika kabla ya Pasaka."

Salama hakununua mbegu. Kesho yake alipanda gari la Shume, akiwa amebeba mchele na sukari kwenye kikapu, kama anavyobeba mtu anayekwenda msibani, ingawa msiba ulikuwa umepita na wenyewe wamekwisha kuanua matanga. Gari lilipita Magamba, likapita Lukozi, likaingia kwenye misitu ya misindano ambako jua halifiki chini. Njia nzima alikuwa anatafuta neno la kuanzia, akikosa hili anajaribu lile.

Heri alikuwa anakaa kwenye nyumba ya mbao aliyopewa na shemeji zake, kando ya shamba la kabichi la kukodi. Alikuwa anapalilia. Alipomwona Salama kwenye njia, alitupa jembe, akaja mbio kumpokea kikapu.

"Shikamoo dada."

Salama akalia palepale njiani, kilio cha mtu aliyechelewa, na Heri akasimama karibu yake ameshika kikapu, akisema, "Basi dada, basi. Twende ndani, kuna baridi."

Ndani palikuwa pasafi. Yusta alikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Alipiga goti kumwamkia shangazi yake, akamletea maji ya moto ya kunawa, kisha akatoka kwenda kupika na hakurudi kukaa nao. Heri akaeleza. Figo za Paskalina zilikuwa zimekufa. Alikuwa anatakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hospitali ya mbali, na akiba yao iliisha mapema. Akiwa hospitali, walikuwa wakiwaambia watu kwamba amekwenda kwao Shume kusalimia.

"Kwa nini hamkusema?" Salama akauliza. "Mimi nilidhani miguu. Nilidhani ni presha."

"Yeye hakutaka. Alisema hataki watu wajae nyumbani kumtazama anavyovimba. Aliniapisha."

"Hata mimi?"

Nje, shoka lilikuwa linapasua kuni.

"Wewe nilikuja kwako," Heri akasema. "Babu alisema mwenye shida aende nyumba ya pili. Nilikuja, dada. Nilikaa jikoni pale. Mdomo ukawa mzito, nikaanza kwa kuzunguka, na wewe ukacheka, nikaona nimepata jibu. Makosa ni yangu pia. Ningesema waziwazi, ungenisaidia. Najua ungenisaidia."

"Ningeuza ng'ombe," Salama akasema. "Ningeuza mabati juu ya nyumba."

"Najua."

"Na kwenye kikao? Pale watu wote walikuwepo. Ungesema neno moja tu, Heri, hakuna ambaye angekuondoa."

"Alikuwa bado hai. Nilikuwa nimeapa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na nilikuwa na hasira, nisikufiche, hasira iliyonizuia hata kuwaletea habari za msiba. Niliwaona wote mmekaa, mnajua mke wangu mgonjwa, hata kama hamjui ugonjwa gani. Nikasema moyoni, hebu nione kama kuna atakayeniuliza habari zake. Uliniuliza kwa nini niliuza. Habari zake hakuna aliyeuliza."

Ilikuwa kweli.

Jioni Heri alimpeleka makaburini. Paskalina alikuwa amezikwa kwenye kiwanja cha kanisa, mstari wa mwisho, pembeni ya watu ambao Salama hakujua majina yao. Kwemkuyu watu wa nyumba ya chini wanazikwa nyuma ya nyumba, wote wako pale, kuanzia Sefania mwenyewe na Yusta wake. Salama aliinama akang'oa majani mawili matatu yaliyoanza kuota juu ya udongo. Akasema:

"Rudi nyumbani, Heri. Nitakwenda kwa baba mkubwa. Nitasema yote. Huo wosia nitauchana mbele yao."

"Usiuchane," Heri akasema. "Babu alisema vizuri."

"Basi urudi."

"Mke wangu yuko hapa. Nitamwacha na nani?" Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeeleza kazi iliyobaki shambani. "Na kama ningetaka kumhamisha, ningemzika wapi? Nimesikia bonde limekodishwa."

Kwa hiyo habari zilikuwa zimeshafika. Salama aliona aibu kiasi kwamba hakuthubutu kumtazama.

Aliporudi alifanya alilosema. Alikwenda kwa mzee Hashimu, akaketi mkekani, akaeleza. Mzee alisikitika sana, akasema laiti wangejua, akasema Mungu ampe pumziko marehemu. Lakini mkataba ulikuwa umesajiliwa, sahihi ya Salama ilikuwepo kwenye zile karatasi za Sharifu, fedha za mwanzo zilikuwa zimepokewa, na Sharifu alikuwa ameshazitia kwenye mbao. Kikao cha pili kiliitishwa, wakaja watu wachache, wakatawanyika bila uamuzi. Sharifu alikuja kumlilia dada yake. Alilia kweli, alikuwa akimpenda Paskalina. Kisha akasema hawezi kuvunja mkataba, kwamba watashtakiwa, watafilisika wote, na hata Heri hatapata kitu. Salama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia asimletee fungu lake la mapato, na kuanzia siku hiyo hakupokea hata senti.

Alichobaki nacho kilikuwa shamba lake la juu, lile la karibu na chanzo cha mfereji, lenye udongo mweusi. Akampigia simu Yusta.

"Mwanangu, nataka nikuandikie wewe hili shamba la juu. Mimi mtu mzima, sina safari ndefu. Ujenge, ulime, na baba yako akitaka kuja awe na pa kufikia."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto wa shule, kisha mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Shangazi, ahsante," Yusta akasema. "Kwanza nikwambie, sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, mama alipofariki nilikuwa nayo sana. Baba amenikataza."

"Basi pokea."

"Siwezi. Nikikaa hapo, siku mtoto wangu akiugua nitakuwa nafikiria kwanza maneno ya kwenye karatasi kabla sijafikiria hospitali. Sitaki kuishi nikiwaogopa ndugu zangu. Nimenunua kiwanja kidogo huku Bungu, ni kidogo sana, lakini nikikiuza hakuna wa kuniita kikaoni."

Salama akasema, "Nimekuelewa, mama," na alikuwa amemwelewa. Alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Vibanda vya wageni vilijengwa. Ni vizuri, vina paa za nyasi na taa kwenye njia, na mgahawa uko ndani ya nyumba aliyojenga Sefania kwa ajili ya mke wake wa kanisani. Makaburi ya nyuma yamezungushiwa ua wa mimea ili wageni wasiyaone. Jumapili vijana wa Lushoto wanapanda kupiga picha pale ukingoni. Salama anawauzia wapishi maziwa kwa sababu ndio walio karibu, lakini hateremki. Wanamfuata wenyewe.

Heri alikuja mara moja. Ilikuwa Idi, mchana, na Salama hakuwa anamtegemea. Alitokea mlangoni na gunia la kabichi begani, nywele zimekuwa nyeupe zote. Salama alimpakulia pilau, akamkalia mbele akimtazama anavyokula. Walizungumza habari za mvua, habari za mbolea ilivyopanda, habari za Yusta aliyepata mtoto wa kike. Heri alikula akamaliza, akanawa, akasema gari la mwisho litamwacha.

Salama alidhani atapita bondeni kuangalia makaburi. Akachukua kanga yake ili amsindikize. Lakini walipofika njia panda Heri akasimama.

"Dada, kama hutajali, tupite huku juu. Huko chini sitaki kupaona."

Wakapita njia ya juu, ndefu zaidi, Heri mbele na Salama nyuma. Barabarani wakasubiri gari. Salama akasema lile alilokuwa analisema kila mara akiwa peke yake.

"Nisamehe, Heri. Ile siku gari lilipokuja kuwachukua, wifi yangu aliniinulia mkono. Sikumwinulia."

"Alijua ulikuwa na hasira," Heri akasema. "Alisema, mwache, zitamwisha atakuja. Alikutegemea." Halafu akaongeza haraka, akiona uso wa Salama umebadilika, "Sikwambii ili uumie. Mimi nilishakusamehe. Hata yeye. Lakini nyumbani sitarudi, dada, usinisubiri."

Gari likatokea kwenye kona, likasimama. Heri alimwinamia dada yake akamshika mikono yote miwili, akapanda, akapata nafasi upande wa kule, mbali na dirisha. Kondakta akapiga bati, gari likaondoka kuelekea Magamba. Salama alisimama hapo barabarani mpaka mlio wa injini ulipopotea, kisha akaanza kurudi taratibu, kwa sababu ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.